Nimeitazama Katuni ya Chinatsu

Nyuma ya Soko la Mboga,
Yonezawa, Yamagata.
18 Juni.

Mpendwa Kaka Yoshinari,

Pokea salamu zangu, Kaka, pamoja na za mume wangu Kiyoshi na za mama mkwe. U hali gani? Lile goti limepunguza maumivu, au bado unashuka ngazi ubavuubavu kama kaa? Shemeji yako, Dada Kinuyo, aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unakula wali na supu tu, eti kumpikia mtu mmoja ni kujisumbua. Tafadhali kula. Nimekufungia achari ya figili na ya biringanya changa, ile uipendayo. Ukiipata usiiweke kabatini ukaisahau.

Sisi hatujambo, tunamshukuru Buddha. Mvua za Juni zimeanza, nguo hazikauki, na vyumba vyote vinanuka unyevu. Ninyi huko Hakodate mna bahati, mvua hizi hamzijui. Mama mkwe Hisano bado ana nguvu. Masikio yamekuwa mazito lakini ulimi umebaki mwepesi. Kila asubuhi ananiuliza kama nimeshawapelekea marehemu wali wao pale madhabahuni, kana kwamba kuna siku nimewahi kula kabla yao.

Wifi Fumiyo ninamkumbuka kila nikiwasha udi. Namtaja kwa jina, wa kwanza baada ya wazazi wetu.

Sasa nije kwenye lile uliloniagiza, maana najua umeruka haya yote ukilitafuta. Nakufahamu.

Uliniambia niitazame ile katuni ya mwanao Chinatsu, *Farasi wa Tango*, nikuandikie ukweli bila kukupaka mafuta. Ulisema kinyozi wako ameiona na kukuambia kwamba ndani yake mna mzee mkaidi anayemfokea binti yake na kutupa nje ng'ombe wa biringanya wa kuwarudisha marehemu siku za Obon, na kwamba watu wote kinyozini walikutazama wewe. Ukasema kama mtoto amekuaibisha wewe na mama yake mbele ya nchi nzima, basi ombi lake la kuja Julai hii kumwashia mama yake udi jibu lake ni hapana, na tusilizungumze tena.

Nimeitazama, Kaka. Nimeitazama yote, na sehemu ya mwisho nimeirudia. Mimi niliishia sekondari na kazi yangu ni kutia mboga chumvi, kwa hiyo usitegemee maneno ya magazetini. Nitakueleza nilivyoona.

Kiyoshi alitunasia sehemu zote sita kwenye runinga, nikazitazama siku za Jumatatu duka likiwa limefungwa. Kila sehemu ni fupi, ukiweka wali jikoni inakwisha kabla haujaiva. Mama mkwe alikaa nami akimenya maharage mabichi. Nilidhani atasinzia. Thubutu!

"Huyu msichana mbona macho kama mabakuli ya supu?" akaniuliza hata kabla wimbo wa mwanzo haujaisha.

"Ndivyo wanavyochora, Mama."

"Na baba yake mbona ana macho ya kawaida? Kamtoa wapi huyu?"

Kiyoshi akacheka mpaka akamwaga chai. Ndivyo tulivyoanza.

Kisa chenyewe hiki hapa. Ni miaka mingi ijayo. Watu wamekwenda kuishi kwenye sayari moja ya barafu, mbali sana, ambako jua linaonekana dogo kama punje ya mtama. Mzee mmoja anachimba barafu kule chini, peke yake, na mashine moja ya kufagia inayomfuata kama paka. Binti yake anafanya kazi juu angani, kwenye kituo kinachoizunguka sayari hiyo, anatengeneza vyombo vilivyoharibika. Mama amekufa. Amezikwa huku duniani, na wao wawili wanataka kumpokea kwa Obon yake ya kwanza. Basi yule mzee anaotesha matango na biringanya ndani ya maji chini ya taa, apate kutengeneza farasi wa kumleta mkewe mbio na ng'ombe wa kumrudisha polepole.

Kwanza nilikunja uso. Nilijiuliza, mambo ya marehemu wetu yanafanyiwa mchezo na vyombo vya angani? Nikatazama madhabahuni nikaona aibu. Lakini mzee alipoanza kumtengeneza yule farasi nilisogea karibu na runinga. Tango walilolichora si la dukani lililonyooka kama penseli. Ni tango la bustani, limepinda, na pale lilipopinda ndipo panakuwa shingo ya farasi. Anavunja kijiti cha kulia wali, anakichomeka, farasi anapepesuka, anakichomoa, anachomeka tena mbele kidogo. Mtu asiyewahi kufanya kazi hiyo kwa mikono yake hawezi kuchora vile. Hata mama mkwe aliacha kumenya.

Sasa kasoro. Zipo, na sizifichi. Sehemu ya tatu ni hovyo. Yanatokea mamashine makubwa, yanapigana, yanaungua, kisha yanatoweka na hayatajwi tena. Sikuelewa yalikuja kutafuta nini. Wimbo wa mwanzo ni kelele, anayeimba utadhani kabanwa kidole mlangoni. Na yule binti kwenye baridi yote ile amevaa kaptula! Nilimuuliza Chinatsu baadaye, akasema hayo ya kaptula yaliamuliwa na wenye fedha, yeye alishindwa. Mazungumzo mengine ni marefu mno, ya kitaalamu, kuhusu mwanga na masafa. Kiyoshi alisema yeye ameelewa. Nilimwomba anieleze, akaenda kukojoa.

Lakini picha ni nzuri, Kaka, siwezi kusema vingine. Wali unapofunuliwa, mvuke unapanda mpaka unaona njaa. Mzee akitoka nje kwenye barafu, sauti zote zinakatika, hata muziki, na unasikia pumzi zake tu. Na katika sehemu ya pili mzee anamkumbuka mkewe akikata mboga. Uso hauonyeshwi. Inaonyeshwa mikono tu. Kwenye mkono wa kushoto, chini ya kidole gumba, pana kovu la kuungua, lenye umbo la jani.

Unalijua kovu hilo. Nililia, na mama mkwe akaniuliza vitunguu vimetoka wapi.

Sasa nije kwa yule mzee. Kinyozi wako hakusema uongo. Mzee ni wewe. Ana taya lako, na kabla ya kusema neno gumu anakohoa kidogo kama wewe, na miwani anaiweka juu ya kipara na kuitafuta nyumba nzima. Na ni kweli anamtupa nje yule ng'ombe wa biringanya. Lakini kinyozi aliona kwa jicho la mtu anayenyoa huku anatazama. Ngoja nikueleze.

Yule mzee anafuata kalenda aliyoletewa na mkewe kutoka duniani. Siku za Obon zinafika, anawasha taa ya kupokea, anapika, anaweka mabakuli matatu, anamngoja binti. Binti haji. Mzee hampigii simu, hata kidogo. Anasema na mashine yake ya kufagia: "Mtoto wa kuitwa aje kumpokea mama yake? Hapana." Siku ya kuagana inafika na binti hajaja, na mzee hataki kuagana na mkewe peke yake. Ndipo anapomchukua yule ng'ombe, anafungua mlango, anamtupa barafuni, ili mkewe asiwe na cha kurudia. Hakumtupa kwa dharau, Kaka. Alimtupa kwa sababu alitaka mkewe abaki.

Kule juu, binti hajui kitu. Kule angani siku wanazihesabu kwa mizunguko ya kituo chao, na kwa hesabu yao Obon bado kabisa. Anafanya kazi za watu wengine, hapumziki, ili siku zikifika apewe ruhusa. Anapanga matango kwenye begi. Sehemu ya nne yote ndiyo hiyo: mzee chini anangoja na kukasirika, binti juu anajiandaa na kufurahi.

Hapo mama mkwe akatupa ganda la maharage kwenye runinga.

"Wajinga hawa wawili!" akasema. "Huyu ana siku zake, yule ana siku zake! Hakuna hata mmoja wa kunyanyua simu?"

"Mama, ni katuni," Kiyoshi akamwambia.

"Katuni nini? Si kama wale wa Hakodate wanaofanya Obon Julai wakati watu wote wenye akili wanafanya Agosti?"

Kaka, nilizima runinga. Nilikaa pale na rimoti mkononi.

Kumbuka pamoja nami. Chinatsu alizaliwa na kukua hapa Yonezawa. Kila Obon ya maisha yake, tangu akitambaa, ilikuwa Agosti. Mlipohamia Hakodate kwa kina wifi, yeye alikuwa tayari Tokyo kazini, na kisha wifi akaugua, na nani alikuwa na nafasi ya kuzungumza sikukuu? Wifi alipofariki, ninyi mkafanya Obon yake ya kwanza Julai kama desturi ya mtaa wenu. Mimi nilikuja kwa sababu Dada Kinuyo alinipigia simu akanieleza. Asingenipigia, ningekuja Agosti na mimi, na fungu langu la udi.

Nani alimpigia Chinatsu?

Uliniambia wakati ule, na nikakubaliana nawe, kwamba mtoto aliisahau Obon ya kwanza ya mama yake, akaja mwezi mzima baadaye, kampuni zilipofunga na kila mtu anakwenda kutembea, amebeba begi kama mtalii. Ulimwambia mlangoni: "Mama yako alishaondoka. Umechelewa." Ukafunga. Na mwaka jana ukamkataza.

Basi nilimpigia simu Chinatsu. Nilimuuliza bila kuzunguka.

"Lile begi ulilokuja nalo Hakodate lilikuwa na nini?"

"Shangazi, mbona unauliza leo?"

"Nimetazama sehemu ya nne na mama mkwe wangu anatupa maharage."

Akacheka, kisha akaanza kulia. Akasema ndani mlikuwa na tango na biringanya. Alivinunua asubuhi ile kwa mkulima, akachagua vilivyopinda. Na vijiti vya kulia vya mama yake, vile vyekundu, avivunje kwa miguu ya farasi. Alikuwa amefanya kazi mwezi wote wa Julai bila mapumziko ili Agosti awe huru kwa Obon yote.

"Sasa mbona hukumwambia baba yako?"

"Ningemwambia nini, Shangazi? Kwamba sikujua siku ya mama yangu? Nilijua palepale mlangoni, aliposema ameshaondoka. Nikaona ana haki."

"Na yeye hajui mpaka leo!"

"Baba haulizi. Na mimi ni mtoto wake, sisemi."

Nikamwambia ninyi wawili mnastahili kufungiwa chumba kimoja na mama mkwe wangu kwa wiki. Akasema afadhali sayari ya barafu.

Nilikwenda pia hekaluni, maana jambo hili lilinikaa rohoni. Nilimuuliza mtawa wetu kama marehemu aliyepokewa Julai anaweza kuwashiwa tena udi Agosti, au ni kumsumbua. Alikuwa anang'oa magugu, hata hakusimama. Alisema ana mwenzake mtawa Tokyo, Julai anakimbizwa na watu wa kule, Agosti anakuja huku kumsaidia kuzunguka nyumba zetu, na katika miaka yote hiyo hajasikia marehemu hata mmoja amelalamika kuhusu tarehe. "Wanaolalamika ni walio hai," akasema, "na mara nyingi ni wenye njaa. Kaa unywe chai." Nilikaa nikanywa.

Sasa nimalizie katuni, maana hapa ndipo watu wanapoilaumu zaidi.

Katika sehemu ya sita mzee anajuta. Anawaza kwamba mkewe sasa amenaswa pale kwenye baridi na mabomba, hana cha kumrudisha. Anavaa nguo zake nzito, anatoka kumtafuta ng'ombe wa biringanya gizani kwa taa, na ile mashine ya kufagia inamsafishia njia. Anampata, amegeuka jiwe. Anampeleka karibu na jiko, na barafu inapoyeyuka, biringanya inalegea na kubonyea yote, haifai tena. Hilo nilipenda, maana ndivyo inavyokuwa kweli. Biringanya iliyoganda huwezi kuitengeneza kitu. Mzee anakaa chini na lile tope la zambarau mkononi. Siku za Obon zimeshapita. Kwa kanuni angezima taa ya kupokea. Haizimi.

Kisha mlango unagongwa. Mzee anasimama, anakwenda, anaweka mkono kwenye komeo.

Basi. Imekwisha. Yanapanda majina ya watu.

"Ehe?" mama mkwe akapiga meza. "Wino umewaishia? Anafungua au hafungui?"

Kiyoshi anasema watu wengi wamelalamika hivyohivyo. Wamesema mwongozaji alishindwa kumaliza kazi, wengine wamesema ni ujanja wa kutaka kutengeneza nyingine. Mimi nami niliudhika. Umemfuata mtu sehemu sita zote, unataka kujua.

Lakini nilipoirudia ile sehemu niliona jambo, nalo ndilo hukumu yangu, Kaka, kama bado unaitaka. Chinatsu alichora kila kitu mpaka vijiti, mpaka kovu, mpaka kukohoa kwako. Hakubahatisha mahali popote. Pale mlangoni angeweza kuchora mzee akifungua, na nchi nzima ingelia na kumpongeza. Hakuchora kwa sababu hajui. Amesimama nje ya mlango huo huu ni mwaka wa pili, hajui, na mtoto yule hajawahi kuweza kusema uongo, hata kwa kalamu.

Kwa hiyo: je, amekuaibisha? Hapana. Katika kisa chote hakuna anayemcheka yule mzee. Anachekwa akitafuta miwani, basi, na hilo hata wifi alikuwa akilicheka. Anayeonyeshwa kuwa na makosa zaidi ni binti, kwa kutouliza. Nikiipima kama kazi ya katuni, nasema ni nzuri, sehemu ya tatu itupwe. Nikiipima kama barua ya mtoto kwa baba yake, sijaona iliyoandikwa kwa adabu kuliko hiyo.

Sikuandikii haya ili kukulaumu. Wewe ulikuwa umefiwa, na mtu aliyefiwa hawezi kukumbuka kalenda za watu wengine. Lakini sasa unajua, na ukijua huwezi tena kukaa kama asiyejua. Ndiyo maana sikutaka kukueleza kwa simu, ungenikatia. Barua unaweza kuitupa, kisha ukaiokota.

Chinatsu bado anataka kuja Julai, siku za mtaa wenu, amezishika sasa. Ameomba ruhusa kazini na wamempa. Hataki kulala kwako kama hutaki, atalala kwa Dada Kinuyo. Anataka tu kukaa mbele ya picha ya mama yake. Mimi ningependa mtengeneze farasi pamoja, wewe na yeye, lakini hilo ni lenu.

Nisalimie Dada Kinuyo na umwambie chupa zake tupu nitazirudisha na achari ndani. Msalimie mjomba wake Chinatsu pale bandarini, na wajukuu wa Dada Kinuyo wote. Kiyoshi anasema ukija atakueleza yale ya mwanga na masafa. Usimkubalie. Mama mkwe anakusalimu, anasema umwambie kinyozi wako anyoe vichwa, katuni awaachie wanaotazama kwa macho yote mawili.

Mtukufu Amida akuangazie, akupe usingizi mwema, na wifi apumzike kwa amani yake.

Nakuomba unijibu upesi, Kaka, hata kwa mstari mmoja tu. Julai haiko mbali, na mtoto anangoja kuambiwa kama mlango utafunguliwa.

Ni mimi dada yako anayekuombea kila asubuhi,

Sumie